Jepkorir na Ndoo za Chumba cha Pili

Kabla ya kumpa mtu mkono, Jepkorir humnusa kwanza. Wala hafichi. Hukusogelea, akavuta pumzi puani taratibu, halafu ndipo salamu ifuate. Ukiwa umepitia mahali penye chupa, atajua, na mkono wake utarudi ndani ya leso kabla wako haujaufikia. Pale Milimani, mjini Nakuru, waliomzoea humcheka. Wasiomzoea hudhani ana mafua sugu. Wacheke tu, pua ile haikuja bure.

Zamani aliishi kule chini karibu na ziwa, yeye na mumewe Kipketer, fundi wa baiskeli na mbeba sadaka kanisani. Nyuma ya nyumba palikuwa na pipa la buluu lenye kifuniko. Kipketer alimwambia ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, anamwekea rafiki. Jepkorir akaamini. Alianika nguo kwenye kamba iliyopita juu ya pipa, jioni akaliegemea akichambua mboga, na hata siku moja hakuuliza kuna nini ndani. Mwanamke aliyelelewa vizuri hamhoji mumewe kama polisi, ndivyo alivyofunzwa na mama yake na shangazi zake wote. Kisha asubuhi moja Kipketer akaamka akiuliza mbona hakuchi na ndege wanalia. Jua lilikuwa limejaa chumbani. Alikufa kabla ya Jumapili, na wanaume wengine wa mtaa waliokunywa pombe ya pipa lile wakamfuata.

Mazishini hakuna aliyemtazama usoni. "Mke hawezi kukosa kujua," walisema, tena kwa sauti ya kusikika. Kifo chenyewe alikuja kukizoea. Neno lile halijawahi kumshuka kooni. Miaka ikapita, ziwa likajaa, likapanda polepole mpaka likaingia sebuleni, na Jepkorir akahama na godoro, sufuria na vibuyu vyake vya mursik, maziwa lala ya kwao. Majirani walizililia nyumba zao. Yeye aliliacha ziwa lichukue nyumba na pale mahali lilipokaa pipa, na moyoni akashukuru.

Aliyempa pa kuishi ni Bi Kuluthum, mjane wa mfanyabiashara wa mbao, wa ukoo uliotoka pwani enzi za reli. Bi Kuluthum sasa anakaa Nairobi kwa mwanawe, na nyumba yake kubwa ya Milimani imefungwa, ikingoja mnunuzi au mjukuu, yeyote atakayetangulia. Nyuma yake kuna vyumba viwili. Cha kwanza ni cha Jepkorir, bure, mradi alinde boma na kufagia majani ya mijakaranda. Cha pili hukodishwa. Sharti lilikuwa moja, na Bi Kuluthum alilitamka akiwa amemshika bega: "Tone moja la pombe likiingia humu, Jepkorir, utatoka nalo." Jepkorir hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mwanawe Kigen yuko Eldoret kwenye chumba kimoja na mke na watoto, na mahali pengine pa kulaza kichwa hana.

Sasa msikie aliyekuja kukodi chumba cha pili. Alikuwa mwanamke mwembamba wa hijabu nyeusi na miwani, jina lake Farhiya, maneno yake machache kama anayalipia. Alisema anafundisha chuo kikuu kule Kilifi, pwani, lakini mama yake anaugua na yuko mtaa wa Free Area kwa kaka yake Jalal, kwa hiyo anataka chumba tulivu karibu. Bi Kuluthum alikubali kwenye simu papo hapo, kwa kuwa alimjua mama mtu tangu utoto. Jepkorir alimnusa. Alipata harufu ya udi, na chini ya udi kitu kingine asichokijua, kama chuma kilicholowa. Machale yakamcheza.

Siku chache baadaye lori la Jalal likasimama langoni likitokea Mombasa, na Jalal akashusha mitungi ya plastiki, mmoja baada ya mwingine, akiibeba kama anabeba mayai.

"Hiyo ni nini?" Jepkorir aliuliza.

"Maji, mathe," Jalal akasema bila kusimama.

Maji! Hapo penye bomba linalotoa maji asubuhi na jioni. Nani anasafirisha maji kutoka Mombasa hadi Nakuru kwa lori? Jepkorir alisimama na ufagio wake, akalitazama lori mpaka likapinda kona.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Dirisha la chumba cha pili liliwekwa blanketi. Hita ya umeme ikawashwa ndani, mchana na usiku, na yeye alijua fika ni kitu gani hupenda joto ili kiumuke. Kukasikika mota ikizunguka pole pole, bila kupumzika. Likaingia gunia la makaa, ilhali Farhiya hakuwa na jiko, alikula chakula anacholetewa na wifi yake. Mlango ulipofunguka kidogo Jepkorir aliona chupa zimepangwa, nyingine zenye kitu cha kijani, nyingine cha kahawia, zikitoa mapovu. Alipofungua mdomo kuuliza, mlango ukafungwa.

"Kwani wewe unafanya nini huko ndani, madam?" alimwuliza siku moja penye kamba ya nguo.

"Research tu, Mama Kigen."

Research. Jepkorir aliingia chumbani kwake na neno hilo, akaligeuza huku na huku. Kipketer alisema dawa ya ng'ombe, huyu naye anasema research. Na ile hijabu haikumtuliza hata kidogo. Nani atamshuku mwanamke asiyekosa swala? Hakuna. Basi hapo hapo ndipo pa kutazama. Kipketer alibeba sadaka, na hakuna aliyemshuku mbeba sadaka.

Kilichomaliza shaka ni migomba. Nyuma ya choo kuna migomba michache, na Jepkorir alikuwa amemwona Farhiya akienda huko na bakuli kila siku. Alienda kuchungulia. Kwenye shina alikuta ute mweupe umelala, mwingi, unaovutika kama mrenda uliopikwa ukapoa, wenye vumbi la makaa ndani yake. Akachuchumaa. Haya si machicha ni nini? Pombe ikishachujwa, kinachobaki humwagwa mbali na macho ya watu, na mtu aliyezika mume kwa ajili ya pipa haambiwi hilo. Aliona mkono wa Bi Kuluthum begani mwake, na godoro lake nje ya lango.

Akatoa simu palepale, akampigia Nicodemus, mwenyekiti wa Nyumba Kumi, kamati ya usalama ya mtaa, askari jela mstaafu anayependa kumwaga vitu vya watu.

"Chairman, kuna mtu anapika hapa kwetu."

"Chang'aa?"

"Kuja ujionee. Chumba cha pili. Lakini usiseme ni mimi."

"Niko hapa juu na vijana. Tukimaliza tunashuka," Nicodemus akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeitwa harusini.

Simu ilipokatika, Jepkorir hakupata raha aliyoitarajia. Alikumbuka kwamba hajaona kitu kwa macho yake. Amesikia mota, ameona ute. Mara hii hakutaka mtu amwambie hawezi kukosa kujua, wala hakutaka kumsingizia mtu. Na tazama, aliporudi uani mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi, Farhiya ametoka na bakuli lake kuelekea migombani kwa njia ya upande wa pili. Jepkorir akafuta miguu, akaingia.

Joto lilimpiga usoni. Ndoo kubwa za plastiki angavu zilikuwa zimepangwa mstari kwenye meza ndefu. Juu yake ulipita mti mmoja mwembamba uliozungushwa na mota, na kwenye kila ndoo mti ule ulishusha kasia dogo la plastiki lililokoroga maji polepole kupita kiasi. Maji yalikuwa maangavu, hayana kitu. Akainama juu ya ndoo ya kwanza, akafumba macho, akanusa kwa nguvu zake zote.

Haikuwa pombe. Ilikuwa ile harufu ya chuma kilicholowa, ila sasa ilikuwa kubwa, pana, na hakuwahi kuinusa popote maishani. Badala ya kutulia alizidi kuogopa. Pombe angalau anaijua. Akanyoosha kidole.

"Usiguse! Mkono yako inaweza kuwa na sabuni!"

Farhiya alikuwa mlangoni, bakuli mkononi. Jepkorir aliruka, lakini hakurudi nyuma.

"Hii ni nini unapika?"

"Napika?"

"Usinichezee akili, msichana. Hita, makaa, mota, na ile uchafu unamwaga kwa migomba. Mimi si mtoto."

Farhiya alimtazama, halafu akatazama ndoo, halafu akatazama blanketi la dirishani, kama mtu anayekiona chumba chake kwa mara ya kwanza. Akaweka bakuli chini. "Ni maji ya bahari, Mama Kigen. Na ndani kuna wanyama. Sikukuambia juu ningesema nafuga wadudu, mngenipa chumba?"

"Hapana," Jepkorir alisema ukweli. "Na sioni mnyama hapa."

Farhiya akazima taa, akawasha tochi, akaielekeza ubavuni mwa ndoo. Jepkorir akasogeza uso. Aliona nukta nyeupe zikielea, ndogo kama punje ya wimbi iliyoota mkia. Kisha Farhiya akachukua maji ya kahawia, chakula chao, kutoka chupa moja, akadondosha tone karibu na nukta mojawapo. Ule ukahawia ukaanza kuvutwa. Uliingia mahali pasipokuwa na kitu, ukagawanyika mara mbili kama mbavu za mwavuli, na ghafla kitu kikatokea pale, duara, laini, kikubwa kama harage, na punje ya wimbi iko katikati yake ikipiga mkia.

"Woi," Jepkorir alisema.

"Hiyo ni nyumba yake. Ameitoa kwa ngozi ya kichwa, ni ute. Kwanza inamshika mwili kama shuka nyembamba, halafu anapiga mkia, maji inaingia, inafura. Hapo nje kuna madirisha mawili yako na wavu, chembe kubwa haziingii. Ndani kuna wavu ingine, laini kushinda kitu yoyote fundi anaweza shona. Yeye anakaa tu hapo, anapiga mkia, maji inapita, chakula inabaki."

"Na wavu ikijaa uchafu?"

"Inaziba. Anatoka, anaiacha, anajenga ingine. Mara kadhaa kwa siku."

"Kwani hawezi osha?"

Farhiya alicheka, na Jepkorir hakuwahi kumwona akicheka. "Anajaribu. Anarudisha maji nyuma kidogo, itoe uchafu. Ikikataa, anahama. Huko baharini zile nyumba kuukuu zinazama mpaka chini kwenye giza, wale wa huko wanazikula. Hapa zinajaa kwa ndoo, ndio mimi natoa namwaga kwa migomba. Makaa inasaidia kusafisha maji, hita inawapa joto ya pwani."

Hilo la makaa Jepkorir alilielewa, maana na yeye husugua makaa ndani ya kibuyu kabla ya kumimina maziwa ya mursik. Lakini pua yake haikuwa imekubali bado. "Na serikali inalipa mtu asomee kamasi?"

"Kuna plastiki ndogo ndogo baharini, hata jicho haioni. Zinanaswa kwa hizi nyavu. Nataka kujua zinaenda wapi nyumba ikizama." Farhiya aliongea sasa bila kupimia maneno. Alisema mnyama mmoja huishi kama wiki moja tu, akitaga mayai anakufa, kwa hiyo kilichomo ndooni ni kizazi juu ya kizazi alichokitunza tangu pwani. Mama yake alipozidiwa, ilibidi aje nacho ama akiache kife. Kasia likisimama, wote huzama chini, nyumba zao zinagandana na uchafu, na ndiyo mwisho. "Hawa wakikufa sina kazi ya kumaliza, na siwezi kwenda Kilifi kuanza upya. Mama hawezi kuachwa."

Jepkorir alitazama nyumba ile ya ute ikipumua ndani ya mwanga. Ndipo akaikumbuka simu.

Alipaswa kusema palepale. Akaanza kutafuta neno la kuanzia, na alipokuwa angali analitafuta, lango likagongwa kwa rungu.

Nicodemus aliingia na vijana wawili, kofia yake ya zamani kichwani. "Iko wapi, mama?" alimwuliza Jepkorir mbele ya Farhiya, kwa sauti ya boma zima. "Si ulisema chumba ya pili?"

Farhiya alimgeukia Jepkorir, na uso ule uliokuwa umefunguka muda mfupi uliopita ukafungwa.

"Chairman, nilikosea," Jepkorir alisema. "Si pombe."

"Kwa simu ilikuwa pombe. Saa hii si pombe. Amekupatia nini?" Nicodemus alikuwa ameshachungulia ndani, na macho yake yameshazihesabu ndoo. "Vijana, toeni nje, tumwage."

Jepkorir akasimama mlangoni, mkono huku na mkono kule. Hapo ndipo Nicodemus alipomtazama vizuri, akakunja macho.

"Ngoja. Wewe si ndio bibi ya Kipketer? Yule wa kule chini kwa ziwa?" Akatikisa kichwa. "Hata hiyo ingine ulisema hukujua."

Vijana wawili walimtazama kwa hamu mpya. Miaka yote hii Jepkorir alikuwa ameapa kwamba kinywa chake hakitagusa kitu chochote kinachotoka kwenye pipa wala ndoo ya mtu. Akageuka, akachukua kikombe cha plastiki cha Farhiya kilichokuwa mezani, akakichovya kwenye ndoo ya kwanza, akanywa. Alikinywa chote, nyumba na wenye nyumba, na chumvi ikamkaba mpaka machozi yakamtoka. Ute ulimteleza kooni. Akachovya tena, akamnyooshea Nicodemus.

"Onja. Onja halafu uniambie mimi najua ama sijui."

Nicodemus alirudi hatua moja. Kijana mmoja akachukua kikombe, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema kwenye maua ya Bi Kuluthum. "Chairman, hii si keroro. Ni chumvi tupu, buda. Hata ng'ombe haiwezi kunywa."

Nicodemus hakuomba radhi. Watu wa aina yake hawajui zinapatikana wapi. Alisema ataendelea kufuatilia, akapiga rungu lake pajani, akaondoka na vijana wake wakicheka njia nzima.

Jepkorir alifuta kinywa kwa leso.

"Ni wewe uliwaita," Farhiya alisema.

"Ni mimi."

"Ungeniuliza tu."

"Nilikuuliza. Ulisema research."

Farhiya aliingia, akafunga mlango. Kesho yake asubuhi mlangoni palikuwa na kufuli jipya kubwa, la kwake mwenyewe, na kila alipotoka hata kwenda migombani alilifunga na kulivuta kuhakikisha. Salamu ikawa ya kichwa. Jepkorir alipofagia karibu na dirisha, blanketi lilisogea kidogo na jicho likamfuata. Yeye aliyezoea kuchungulia sasa alichunguliwa, na lilimuuma kuliko alivyotegemea. Alijiambia ni halali yake. Alijiambia pia kwamba mtu mwenye kufuli kubwa hivyo lazima ana kitu, halafu akajikemea, kisha akafagia tena pale pale.

Alhamisi moja Farhiya aliondoka mapema kwenda Free Area, mama yake apelekwe kliniki. Jua lilikuwa limepanda kidogo Jepkorir aliposikia kitu kimebadilika kwenye boma. Ilimchukua muda kujua ni nini. Mota ilikuwa imenyamaza. Akabonyeza swichi yake, hakuna. Akatoka mpaka barabarani, mlinzi wa jirani akamwambia stima imepotea Milimani nzima.

Akampigia Farhiya. Simu iliita mara mbili, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa upesi zaidi. Akaandika ujumbe kwa kidole kimoja, STIMA IMEENDA, na ujumbe ukakaa bila kusomwa. Jepkorir akasimama mbele ya kufuli. Aliwafikiria wale wa mikia wakizama mmoja mmoja, nyumba zao zikiwaangukia. Alifikiria pia, kwa sababu yeye ni Jepkorir, watu watakavyosema kufuli likivunjwa: mtu aliyewaita wamwage, amengoja mwenyewe aondoke. Bi Kuluthum atapigiwa simu kabla ya adhuhuri. Mara ya kwanza alipoteza jina lake kwa kutofungua kifuniko. Sasa angepoteza chumba kwa kufungua mlango.

Akaenda kuchukua nyundo.

Kufuli halikuwa gumu kama lilivyojidai. Ndani kulikuwa bado na joto. Makasia yalikuwa yamesimama, na kwenye sakafu ya ndoo ya kwanza aliona weupe umeanza kutanda. Alikumbuka sabuni, akatoka kuosha mikono kwa maji matupu na jivu, akaisugua mpaka ikawasha, akarudi. Akalegeza mkanda wa mota, akaushika ule mti kwa vidole, akaanza kuuzungusha.

Mwanzo alikwenda mbio, maji yakayumba, akaogopa. Akapunguza. Akazungusha kama mtu anayekoroga uji wa mtoto, usishike chini na usimwagike, na makasia yote yakaamka pamoja. Weupe wa sakafuni ukanyanyuka kidogo kidogo. Mkono wa kulia ulipochoka alibadilisha, wa kushoto ulipochoka akarudi wa kulia. Hakuketi, maana kiti kilikuwa mbali na hakuthubutu kuachia. Alizungumza nao. Aliwaambia wasimletee aibu, kwamba nyumba ni kitu cha kuacha, hata yeye ameacha yake, lakini leo wangoje kwanza. Jua lilihama kutoka ukingo wa blanketi mpaka ukutani.

Viatu vya Farhiya alivisikia langoni, kisha uani, kisha vikasimama. Lazima ameona kufuli chini na nyundo kando yake. Alipofika mlangoni, mkoba ulimponyoka.

Jepkorir alikuwa ameziinamia ndoo, kitambaa kimemtoka kichwani, vidole vimeshika mti, macho mekundu. Hakuonekana mtu mwema hata kidogo, na alijua hivyo.

"Umeweka nini humo?" Farhiya aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini, kali. "Mama Kigen, umeweka nini kwa hizo ndoo?"

Swali lile Jepkorir alilijua. Alikuwa amelibeba tangu kule ziwani, zima, halijawahi kutamkwa. Laiti angesimama siku moja tu mbele ya pipa la buluu, akamwuliza Kipketer kwa sauti hii hii mbaya isiyo na adabu, akakataa dawa ya ng'ombe, akafungua kifuniko mwenyewe. Angemwudhi. Pengine angepigwa. Lakini Kipketer angekuwa hai, mzee mkaidi, akiziba matundu ya baiskeli za watu. Alimpenda mno hata hakuthubutu kumwuliza, na sasa akalipata jibu la wale wa mazishini, kwamba kweli hakujua, na kwamba alikosa kujua kwa sababu hakutaka kuuliza. Lilimuuma, na uchungu wake ulikuwa safi.

"Stima ilienda," alisema. "Nilikupigia."

Farhiya alitazama mota iliyolala, akatazama mkono unaozunguka. Hakusogea.

"Hakuna kitu nimeweka," Jepkorir akasema. "Lakini usiniamini. Usiamini mtu kwa ndoo, hata akiwa nani. Leta tochi uangalie."

Farhiya akachukua tochi na ile chupa ya kahawia. Akachuchumaa penye ndoo ya kwanza, akadondosha tone, akangoja muda mrefu, uso wake umegusa plastiki. Ukahawia ukavutwa, ukagawanyika, na nyumba ikajitokeza, halafu nyingine nyuma yake, halafu nyingine. Alivuta pumzi iliyokatikakatika, akainua macho kumtazama Jepkorir, akataka kusema kitu.

"Usiseme," Jepkorir alimkatiza, machozi yakimtiririka na mkono ukizunguka. "Hiyo ni moja tu. Kagua zote."